Gitaa Moja, Mikono Mitano

Kuna maswali watu wanayauliza kwa lugha ya ufundi, kumbe ndani yake ni maswali ya haki. Moja ninalolijua mimi, kwa sababu napiga gitaa na kwaya ilinipa kazi ya kuangalia vyombo, ni hili: nyuzi za gitaa zikae juu kiasi gani?

Najua kuna msomaji atakayesema, "Sasa hapo haki iko wapi? Kaza skrubu, umalize." Lakini ndugu zangu, naomba mnivumilie nieleze kwanza chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Usipokijua chombo, maneno ya haki yanakuwa hewa tu.

Kwenye gitaa la umeme nyuzi sita zinatoka kichwani, zinapita juu ya shingo, halafu zinakwenda kukaa kwenye kile chuma cha chini tunachokiita daraja. Shingoni kuna vyuma vyembamba vilivyolazwa kukatisha, ndizo freti. Mpigaji anabonyeza uzi mpaka uguse freti, na sauti inabadilika. Ule mwanya kati ya uzi na freti, kabla hujabonyeza, ndio kimo cha nyuzi. Mafundi wanaupima kwenye freti ya 12, ambayo iko katikati ya uzi. Kipimo cha kawaida pale ni karibu milimita 1.5 kwa uzi mwembamba na karibu milimita 2 kwa uzi mnene. Kama huna rula, chukua kadi ya plastiki, hata ile ambayo laini ya simu huwa inakatwa humo. Unene wake ni milimita 0.76. Kadi mbili zikipita chini ya uzi bila kuusukuma, uko kwenye milimita 1.5.

Mwanya ukiwa mkubwa, vidole vinafanya kazi zaidi. Hilo kila mtu analielewa. Ambalo wengi hawalielewi ni jambo la pili: uzi ulio juu, ukiubonyeza mpaka chini, unauvuta. Ukivutwa unakaza, na ukikaza unapanda sauti. Kwa hiyo unaweza kulitengeneza gitaa vizuri kabisa, nyuzi sita zote zikiwa wazi ziko sawasawa, halafu ukibonyeza akodi, akodi inatoka imepinda. Mkono haujakosea. Sikio halijakosea. Ni kimo tu.

Mwanya ukiwa mdogo mno, kinakuja kinyume chake. Uzi ukipigwa haukai mahali pamoja, unayumba kama kamba ya kuruka watoto, na ukikosa nafasi ya kuyumba unagonga freti za mbele. Hapo unasikia ule mlio wa nyuki, zzz, na sauti inakufa kabla ya wakati wake. Uzi mnene unayumba zaidi kuliko mwembamba, ndiyo maana unapewa nafasi kubwa zaidi.

Hiyo ndiyo sayansi yote. Sasa nije kwa watu.

Kwaya yetu hapa Nyarugusu ina gitaa moja la umeme, na wapigaji wake ni watano, kwa zamu. Jumapili analipiga Papa mmoja, mtu mzima, ambaye alikuwa anapiga solo kule Kivu ya Kusini kabla ya vita ya 1996, mwaka ambao kambi hii ilifunguliwa. Siku za katikati ya juma ni zamu yetu wengine. Yuko kijana mmoja mwenye haraka, nitamrudia. Yuko mama mmoja anayepiga polepole lakini hakosei. Niko mimi na rizimu yangu. Na yuko binti wa miaka 14, mwenye vidole vyembamba kama penseli, anayependa zile noti za mi-solo, lile gitaa la katikati ambalo kwenye rumba yetu linajaza nafasi kati ya solo na rizimu.

Gitaa lilikuja kama zawadi kutoka kwa wageni waliopita. Lilikuja na waya wake, mkanda wake, hata nyuzi za akiba. Ufunguo haukuja. Nasema ule ufunguo mdogo uliopinda, wenye pembe sita, aleni, mwembamba kuliko wowote alionao fundi pikipiki. Ndio unaogeuza skrubu za kupandisha na kushusha nyuzi. Simlaumu aliyetoa. Pengine kwake ulikuwa kitu kidogo kilichobaki kwenye droo. Lakini matokeo yake ni kwamba kwa miezi mingi tulipiga gitaa likiwa kwenye kimo alichokipenda mtu tusiyemjua, au kimo ambacho hakuna mtu alikichagua. Kwenye freti ya 12 kadi nne zilipita chini ya uzi mwembamba, yaani milimita 3 na zaidi. Ule mnene ulikuwa juu kuliko hapo.

Yule binti akaanza kujifunza kwenye gitaa hilo. Baada ya wiki kadhaa wakubwa wa kwaya walisema mambo mawili juu yake. La kwanza, hana nguvu. La pili, hana sikio, maana akodi zake zinatoka zimepinda. Wakamshauri kwa upole arudi kuimba. Nadhani hawakuwa na ubaya wowote. Walisikia sauti mbaya ikitoka mikononi mwa mtoto, wakasema sauti ni ya mtoto.

Ajabu ni kwamba akiimba alikuwa haachi noti hata moja. Mtu mwenye sikio baya anaimbaje vile? Tulipopata ufunguo, kwa fundi redio wa sokoni, ndani ya kopo lake la bisibisi, kabla sijagusa skrubu niliweka simu yenye programu ya kutengenezea gitaa mbele ya wote. Nikapiga uzi ukiwa wazi: mshale ukasimama katikati. Nikaubonyeza vizuri freti ya tatu: mshale ukaenda kulia, juu ya noti. Nikampa Papa mwenyewe abonyeze. Mshale ukaenda kulia. Kila mkono uliobonyeza, mshale ulikwenda kulia. Papa alikuwa anajua kuiba, yaani kuvuta kidogo uzi mwingine ili akodi isawazike, kitu ambacho mkono wake ulikuwa umejifundisha kwa miaka bila kumwambia. Binti hakuwa na miaka hiyo.

Hapo ndipo naliona jambo zito. Kimo kibaya kiliumiza vidole, sawa, vidole vinapona. Lakini pia kilitoa ushahidi wa uongo. Kilimsingizia mtoto mbele ya watu kwamba hana kipaji, na yeye mwenyewe akaanza kuamini. Chombo kilichowekwa vibaya hakisemi "nimewekwa vibaya." Kinasema "mpigaji huyu hafai." Na sisi tunaosikiliza hatuoni milimita, tunamwona mtu.

Basi, ukishajua hivyo si unashusha tu? Hapana, maana Papa alikataa. Na sababu zake hazikuwa za kijinga, nitazichukua moja moja.

Sababu ya kwanza: "Mukono unakomaa kwa taabu. Sisi wote tulitoka damu." Ni kweli vidole vya mpigaji vinaota sugu, na bila sugu hupigi hata nusu saa. Lakini sugu zinaota hata kwenye nyuzi za chini, zinachukua siku tu. Nadhani tunachanganya taabu za aina mbili. Kuna taabu iliyo ndani ya kazi yenyewe: kusikiliza, kushika mapigo, kurudia kifungu kimoja mara mia mpaka kikae. Na kuna taabu ambayo imewekwa juu ya kazi na kitu kingine: skrubu, hali ya hewa, uzembe wa mtu. Kwa nje zinafanana, zote zinatoa jasho. Namna ninayozitofautisha ni kujiuliza hivi: nikiiondoa hii taabu, muziki unapoteza nini? Ukimwondolea mwanafunzi kazi ya kushika mapigo, muziki umekufa. Ukimwondolea milimita moja na nusu, muziki haujapoteza kitu, ila maumivu. Taabu ambayo ukiiondoa hakuna kinachopungua haikuwa mwalimu, ilikuwa mzigo.

Sababu ya pili: "Wakubwa walianza na vibaya zaidi." Hapa Papa alimtaja Franco Luambo, ambaye inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto Kinshasa, enzi hiyo ikiitwa Léopoldville, alijitengenezea gitaa lake la kwanza mwenyewe na kulipiga sokoni karibu na meza ya mama yake aliyekuwa akiuza vyakula. Kisha akawa yule tunayemjua, mpaka alipofariki 1989. Sina ubishi na Franco. Lakini hoja hii inahesabu waliofika tu. Watoto wa sokoni waliojaribu gitaa la waya mkali, wakaambiwa hawana sikio, wakarudi kuuza maandazi, majina yao hatuna. Hatuwezi kuuliza ni wangapi. Anayevuka mto uliofurika anatusimulia jinsi maji yalivyomfanya jasiri. Aliyezama hasimulii. Tena Franco mwenyewe, alipopata gitaa lililotengenezwa vizuri, hakulikataa ili arudi kwenye waya.

Hapa niseme neno kwa ndugu zetu wanaofanya kazi za misaada, maana najua mnasoma jarida hili. Kwenye mikutano yenu kuna neno linapendwa sana: ustahimilivu. Wakimbizi ni wastahimilivu, tunajenga ustahimilivu. Ni sifa nzuri, na tunaishukuru. Lakini wakati mwingine nikilisikia namfikiria yule binti na kadi nne chini ya uzi. Ingekuwa rahisi kumwita kwenye jukwaa na kumpongeza kwa kuvumilia. Pongezi haigharimu kitu. Ila kama mwenye kupongeza alikuwa na aleni mfukoni, pongezi hiyo ni nusu ya tusi. Kwanza geuza skrubu, halafu tazama kilichobaki cha kuvumilia. Kitabaki tu, msiogope. Kazi ya muziki ina taabu yake ya kutosha.

Lakini nisije nikaonekana nasema kwamba chini ni kuzuri siku zote. Yule kijana mwenye haraka aliuchukua ufunguo jioni moja akashusha nyuzi zote mpaka zikalala juu ya freti. Alifurahi, vidole vilikuwa vinateleza kama kwenye mafuta. Tulipounganisha na betri na spika, kila noti aliyopiga kwa nguvu ilitoka na nyuki ndani yake, na noti za juu zilikuwa zinakatika kabla hazijasikika nyuma ya kanisa. Ukipunguza taabu kupita kiasi unafika mahali chombo hakikubishii tena, na kisipokubishia hakina cha kukupa. Uzi unahitaji nafasi ya kuyumba. Raha ya mkono siyo lengo, lengo ni sauti. Mkono unahurumiwa ili sauti itoke.

Kwa hiyo kuna mpaka wa juu na mpaka wa chini, na kati yake kuna nafasi finyu ambamo kila kimo kina mtu wake. Hapo ndipo palikuwa na sababu ya tatu ya Papa, ambayo ndiyo ya kweli.

Alisema, "Miye nilivuka ziwa na hii mikono tu. Gita niliiacha. Nyumba niliiacha. Hii mikono inajua kupiga kwa nguvu, na inataka uzi unaosimama. Kama munazishusha, munanikata mukono."

Binti alikuwepo. Alijibu akiangalia chini, kwa heshima: "Papa, najua uko na mukono ya nguvu. Lakini yangu njo hii."

Nilikaa na maneno hayo mawili kwa siku kadhaa. Mtu mzima anayepiga kwa nguvu, akiwekewa nyuzi za chini, kweli anasikia nyuki. Mguso wake wote umejengwa juu ya nafasi ile. Huwezi kumwambia "zoea" kirahisi, kwa sababu ndilo neno lile lile lililokuwa linamuumiza binti.

Wanafalsafa wamewahi kuzungumza juu ya vyombo vya muziki na haki. Aristotle, zaidi ya miaka 2300 iliyopita, katika kitabu chake cha Siasa, alisema filimbi bora wapewe wanaojua kuzipiga vizuri, si wenye ukoo mkubwa au sura nzuri. Amartya Sen, mchumi kutoka India, katika kitabu chake cha 2009 juu ya haki, aliweka watoto watatu wanaogombania filimbi moja: mmoja ndiye pekee anayejua kuipiga, mwingine ni maskini asiye na kitu kingine cha kuchezea, wa tatu ndiye aliyeitengeneza kwa jasho lake. Anaonyesha kwamba kila mmoja ana hoja nzito, na kwamba watu wenye akili timamu wanaweza kutokubaliana.

Mfano wa Sen naupenda, ila sisi kambini tuko mbele ya hapo kidogo. Sisi hatugombanii gitaa. Gitaa tumeshakubaliana ni la wote, ratiba ya zamu imebandikwa ukutani. Hakuna aliyenyimwa. Hata hivyo binti alikuwa amepewa gitaa ambalo hakuweza kulipiga. Zamu yake ilikuwa na dakika sawa na za Papa, na dakika zake hazikuwa sawa. Kugawa kitu ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kuuliza kitu hicho kimewekwa kwa mkono wa nani, na hatua hiyo haionekani kwenye ratiba wala kwenye orodha ya waliopokea.

Mkisema "tuweke kwa kipimo cha kitabu," naafiki, kama mwanzo. Watengenezaji wa magitaa wanachapisha vipimo vyao, na ni vizuri kuanzia hapo. Ni kama kitabu cha Sphere mnachotumia, kinachotaja lita 15 za maji kwa mtu kwa siku. Namba hiyo ni kinga: inamzuia mtu kusema lita 5 zinatosha. Lakini kitabu hicho hicho kinawataka watumiaji wake waangalie mazingira ya mahali walipo. Kipimo kinakwambia uanzie wapi. Mkono ndio unakwambia umefika. Na mkono haujazi fomu. Lazima mwenye mkono awepo, apige, wewe ukiwa umeshika ufunguo unasikiliza.

Tulifanya hivyo Jumamosi moja. Wote watano. Kwanza tulitengeneza sauti za nyuzi, kwa sababu ukipima nyuzi zikiwa zimelegea unapima uongo: nyuzi zikikazwa zinavuta shingo. Pili tuliangalia shingo. Unabonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, halafu unatazama katikati; panatakiwa pabaki mwanya mdogo sana, chini ya nusu milimita. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayoweza kuinyoosha, lakini yetu ilikuwa sawa, hatukuigusa. Ndipo tukaja kwenye daraja.

Gitaa letu ni nakala ya bei nafuu ya lile umbo la Stratocaster, lililotoka Marekani mwaka 1954. Kwenye daraja la aina hiyo kila uzi una kipande chake cha chuma, na kila kipande kina skrubu zake mbili. Kuna madaraja ya aina nyingine yenye gurudumu moja kila upande, ukipandisha upande mmoja nyuzi zake zote zinapanda pamoja. Letu siyo hivyo. Letu linakubali majibu sita tofauti. Tulikuwa tunabishana juu au chini, kama vile kuna jibu moja, na chombo chenyewe kilikuwa hakijatuuliza hivyo.

Papa alipiga kwa nguvu zake zote. Tukasikiliza ni nyuzi zipi anazipiga hivyo. Zilikuwa hasa zile tatu nene. Tukaziacha juu kuliko kipimo cha kitabu, kadi tatu na zaidi kidogo kwa ule mnene kabisa. Binti akapiga vifungu vyake vya mi-solo. Vilikuwa karibu vyote kwenye nyuzi tatu nyembamba. Tukazishusha polepole, robo mzunguko, anapiga. Robo mzunguko, anapiga. Ujue ukishusha milimita moja darajani, kwenye freti ya 12 inashuka kama nusu tu, kwa hiyo kazi ni ya uvumilivu. Tuliposikia nyuki wa kwanza mkononi mwa Papa tulisimama, tukarudisha kidogo. Ilikuwa kadi mbili na chembe. Tukaweka simu tena. Binti akabonyeza freti ya tatu, mshale ukasimama karibu na katikati. Hakusema kitu. Alipiga akodi ile ile mara nyingi, mpaka mama yule akamwambia, "Mwanangu, basi, na sisi tunataka."

Sasa, mtu ataniuliza: kwa nini kwenye nyuzi nyembamba mlimpendelea binti? Papa naye hupiga solo kwenye hizo. Jibu langu ni hili, na nimelifikiria. Mwenye nguvu anaweza kupunguza nguvu. Inamgharimu, lakini anaweza. Asiye na nguvu hawezi kuongeza asichokuwa nacho. Gharama ikiwa lazima imfikie mtu, imfikie anayeweza kuilipa na bado akabaki mpigaji. Kwa kimo cha zamani binti angeacha gitaa. Kwa kimo kipya Papa anapiga tofauti, lakini anapiga.

Ila sisemi hakuna aliyepoteza. Papa amepoteza kitu. Kuna ile noti yake ya kuingilia sebene, aliyokuwa anaitandika kwenye uzi mwembamba mpaka kanisa zima linasimama. Haitoki vile tena. Inatoka safi zaidi na ndogo zaidi. Aliniambia siku moja, bila hasira, "Hii ni sauti ya watu wote. Yangu ilikuwa ingine." Sikumjibu. Nadhani tunapofanya uamuzi wa haki juu ya kitu kimoja cha watu wengi, tusiwalazimishe waliopungukiwa watuambie kwamba hawakupungukiwa. Tuseme asante, na tukumbuke nani alilipa. Siku gitaa la pili likipatikana, limwendee yeye kwanza, na nyuzi zikae anapotaka.

Limebaki jambo la ufunguo. Kwa muda ulikuwa unakaa kwangu, na niliona haraka kwamba hilo si sawa. Mwenye ufunguo ndiye anayeamua ni taabu ipi itaitwa ya kawaida. Hata akiwa mtu mwema, wengine inabidi wamwombe, na wapo watu, hasa watoto na wageni, ambao hawaombi. Wanaamini tu kwamba hawafai. Kwa hiyo tumeufunga kwa kamba kwenye mkanda wa gitaa. Yeyote anauona. Sheria ni moja: hugeuzi skrubu ukiwa peke yako.

Na kazi haiishi. Mbao inakunywa hewa. Kiangazi kikija hapa Kasulu, vumbi jekundu, midomo inapasuka, shingo ya gitaa nayo inakauka na kujivuta, na nyuzi zinabadilika kimo bila mtu kuzigusa. Mvua ikirudi, inageuka tena. Kilichokuwa haki mwezi wa tano, mwezi wa nane kinaweza kuwa nyuki au maumivu. Ndiyo maana kwenye ratiba ya ukutani, chini ya majina matano na zamu zake, tumeongeza mstari mmoja: kila majira yakibadilika, Jumamosi, wote waje, na aanze kupiga mwenye mkono mdogo.